Nyuki Mmoja Hatengenezi Asali

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa Siku ya Nyuki Duniani. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wote ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wetu, wafugaji wa nyuki, walimu, vijana, ndugu zangu nyote, habari za asubuhi.

Leo ni tarehe 20 Mei. Desemba 2017 Umoja wa Mataifa ulipitisha kwamba siku hii iwe Siku ya Nyuki Duniani, na tarehe yenyewe haikuokotwa tu. Inamkumbuka Anton Janša, Mslovenia aliyezaliwa mwaka 1734. Kijana huyo alikwenda Vienna kusomea uchoraji. Lakini kwao walikuwa wafugaji wa nyuki, na nyuki hawakumwacha. Mwaka 1770 Maria Theresa, mtawala wa Austria, alimteua kuwa mwalimu wa ufugaji nyuki. Alifundisha miaka mitatu tu, akafariki. Na leo dunia nzima inakaa kuzungumza juu ya nyuki kwa sababu ya siku yake.

Ndugu zangu, nimekuja na swali moja. Nani hutengeneza asali?

Nawasikia mnajibu: nyuki. Haya. Nyuki yupi?

Msiniharakishe, maana hapo ndipo penyewe. Wanasayansi wamekwisha kuwapa majina nyuki wa aina zaidi ya 20,000. Elfu ishirini! Na walio wengi kati yao hawajawahi kutengeneza tone la asali. Jike huishi peke yake. Huchimba kishimo ardhini, au hutoboa mti mkavu, hutia humo chavua iliyokandwa na utamu kidogo wa maua, hutaga yai juu yake, huziba mlango, huondoka. Hana malkia, hana mzinga, hana sega. Mtoto wake akitoka, mama hayupo tena.

Halafu wapo nyuki wadogo wasiouma. Hao wana asali, tena asali nyepesi yenye uchachu ambayo wengi huitafuta kwa hamu, na huihifadhi katika vifuko vya nta iliyochanganywa na utomvu. Na wapo wale tunaowaita hasa nyuki wa asali. Wao wote ni wa ukoo mmoja ambao wataalamu huuita Apis, na aina zake hazifiki hata kumi na tano. Kati ya hizo, Apis mellifera ndiye aliyejaa katika mizinga ya dunia. Asili yake ni Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati. Mabara ya Amerika hayakuwa naye kabisa mpaka walowezi wa Ulaya walipovuka naye bahari. Huko Asia yupo ndugu yake mkubwa, Apis dorsata, ambaye hajifichi ndani ya pango la mti; huning'iniza sega moja kubwa hadharani, kwenye tawi au ukingo wa jabali.

Na nyigu je? Nyigu si nyuki. Mwili wake ni laini, kiuno chake chembamba, huwinda wadudu wengine ili alishe watoto wake, wala hana chavua miguuni. Nalisema hili kwa sababu kila mdudu mwenye mistari ya njano akipita watu hupiga kelele "nyuki!", na chupa ya dawa hutoka kabatini. Nawaomba tuanze hapo: tumjue nani ni nani kabla ya kuua.

Sasa niulize tena. Kwa nini hawa wachache waweke asali, na wale maelfu wasiweke? Anayeishi peke yake kwa msimu mmoja hana haja ya akiba. Maua yakiisha, naye maisha yake yamekwisha; kizazi kijacho kiko ardhini, kimelala. Lakini kundi la nyuki wa asali halifi maua yanapoisha. Linataka kuuvuka ukame, linataka kuvuka baridi, linataka kuwepo maua yatakaporudi. Asali ni chakula cha miezi isiyo na maua. Hakuna nyuki mmoja anayeihitaji kwa wingi ule. Kundi ndilo linaloihitaji, na kundi ndilo linaloitengeneza.

Nyuki mmoja hatengenezi asali. Nitalirudia hilo leo mpaka mlichoke.

Tufuate tone moja. Wahenga walituambia fuata nyuki ule asali; basi na tumfuate kweli, hatua kwa hatua.

Nyuki anatua kwenye ua. Ananyonya mbochi, yale maji matamu yaliyo ndani ya ua. Uzito wake yeye mwenyewe ni kama miligramu 100, na mzigo anaoweza kuubeba ni miligramu 40 hivi. Hebu fikiria kubeba karibu nusu ya uzito wako, tena ukiruka. Mbochi hiyo haiingii katika tumbo la chakula. Inakaa katika kifuko kilicho mbele ya tumbo, na kati yake na tumbo kuna kilango kidogo kinachofunga. Akihisi njaa njiani, hukifungua kilango kile kidogo tu, akala chakula cha safari. Iliyobaki ni mali ya nyumbani.

Anafika mzingani. Je, anakwenda kuimwaga ndani ya sega? Mara nyingi hapana! Anakutana na nyuki mwingine, mdogo kwake kwa umri, ambaye kazi yake siku hizo ni kupokea. Wanagusana vinywa, mzigo unahama. Mpokeaji anasogea pembeni, anaitoa mbochi na kuimeza, anaitoa na kuimeza, akiitandaza nyembamba kwenye ulimi wake ili ipigwe na hewa. Vimeng'enya kutoka tezi zake vinaingia humo, na sukari iliyomo, ya aina ile ile ya mua, inavunjwavunjwa kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi. Kisha anaiweka ndani ya tundu la sega. Bado si asali. Mbochi mara nyingi huwa na maji asilimia 70 na zaidi, na ikiachwa hivyo itachacha. Basi nyuki wengine wanajipanga, wanapiga mabawa usiku na mchana, wanaivuta hewa ndani na kuitoa nje, mpaka maji yateremke chini ya asilimia 20. Hapo ndipo wanapokuja wengine tena, kuifunika kwa nta. Na nta yenyewe imetoka wapi? Imetoka katika tezi zilizo chini ya matumbo ya nyuki vijana, vipande vyembamba kama magamba, vikatafunwa na kufinyangwa kuta zenye pembe sita.

Mmehesabu ni vinywa vingapi?

Na kazi hizo hawazaliwi nazo. Wanazipitia kwa umri. Kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, akitoka katika tundu lake, siku 21 tangu alipotagwa, kazi ya kwanza ni kusafisha matundu. Baadaye hulisha majana, yaani watoto wa nyuki walio bado katika sega. Baadaye hutoa nta, hujenga, hupokea mbochi. Baadaye hulinda mlango. Kwenda mauani ni kazi ya mwisho, kazi ya uzeeni, kwa sababu nje ndiko kwenye ndege, mvua na buibui, na kundi hupeleka huko wale waliokwisha kuitumikia nyumba. Wakati wa maua mengi maisha yake yote ni kama wiki sita. Inakadiriwa kwamba kazi ya uhai wake wote, ukiigeuza asali, haifiki hata sehemu ya kumi ya kijiko cha chai.

Ndugu zangu, hapa mimi huwa nasimama kidogo. Nyuki aliyeikusanya asali msimu wa maua hatakuwepo msimu wa njaa. Akiba ile wataila wengine, ambao wakati yeye anahangaika walikuwa hawajatagwa. Tunapomimina asali juu ya mkate tunamimina maisha ya vibarua waliokwisha kufa. Silisemi ili tuache kula asali. Nalisema ili tuile kwa heshima.

Niingize mambo mawili ya matumizi hapa, kwa kuwa kila nikizungumza watu hunifuata baadaye kuniuliza. La kwanza: asali ikiganda si ushahidi kwamba imetiwa sukari. Glukosi iliyomo huganda yenyewe, na asali nyingi halisi huganda. Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, itarudi. La pili, na kina mama mnisikilize: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulambishwa. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Ni ugonjwa wa nadra, lakini ni wa hatari. Mwaka mmoja si muda mrefu kusubiri.

Turudi mzingani. Nimesema ni kazi ya wengi. Mtaniuliza: basi nani anawaamuru?

Swali hilo limewasumbua watu miaka na miaka. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, aliandika juu ya nyuki na kumwita kiongozi wao mfalme. Mfalme! Na kwa karne nyingi watu wakaamini hivyo, wakamtumia kama mfano wa utawala mwema wa mwanamume. Katika karne ya 17 Mholanzi Jan Swammerdam alimpasua "mfalme" huyo chini ya darubini, na ndani yake akakuta ovari. Mfalme alikuwa mama.

Lakini huyo mama anapandwa na dume wapi? Na lini? Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa na macho. François Huber, wa Geneva, alianza kupoteza uwezo wa kuona akiwa bado kijana, akawa kipofu. Hakuacha kuuliza. Yeye aliwaza na kupanga majaribio, na mtumishi wake François Burnens akatazama kwa macho yake na kumsimulia. Walitengeneza mzinga unaofunguka kurasa kwa kurasa, ili kila sega lionekane. Wawili hao walithibitisha kwamba malkia hupandwa nje ya mzinga, anaporuka, kisha hurudi. Jambo ambalo wenye macho walikuwa wakilibishania, kipofu na mtumishi wake walilithibitisha. Kila ninapomtaja Huber namtaja na Burnens, kwa sababu vitabu vingi humsahau, na bila yeye hakuna kilichoonekana.

Je, malkia basi ndiye mtawala? Ndugu zangu, malkia hutaga. Katika msimu mzuri hutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku. Harufu ya mwili wake huwaambia wote kwamba mama yupo, na hilo ni jambo kubwa, kwani akitoweka wanajua baada ya saa chache tu. Lakini hatoi amri. Na yeye mwenyewe alitoka katika yai la kawaida, yai ambalo lingeweza kuwa kibarua. Vibarua ndio walioamua: wakamjengea tundu kubwa linaloning'inia, wakamlisha yale maziwa ya nyuki, chakula kinachotoka katika tezi za vibarua, kwa wingi tangu mwanzo hadi mwisho wa utoto wake, na wenzake wakayapata siku chache za mwanzo tu, kisha wakageuziwa chakula kingine.

Sasa niwape kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kundi likijaa, hugawanyika. Malkia wa zamani huondoka na maelfu ya nyuki, wananing'inia tawini wamegandana, na nyumbani wanaachiwa malkia mpya anayekua. Mmeona kundi kama hilo mara nyingi, na wengi wenu mlikimbia. Lakini pale tawini kuna jambo linaendelea. Hawana nyumba. Wataipataje?

Mwaka 1949 kijana Mjerumani, Martin Lindauer, alisimama karibu na kundi la namna hiyo mjini Munich. Alikuwa mwanafunzi wa Karl von Frisch, yule aliyegundua kwamba nyuki akipata maua hurudi na kucheza ngoma juu ya sega: hutembea akitikisa tumbo, na mwelekeo wa mwendo wake huonyesha upande wa kwenda ukilinganisha na jua, na urefu wa mtikiso huonyesha umbali. Kwa ugunduzi huo von Frisch alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Basi Lindauer akaona nyuki wanacheza juu ya migongo ya wenzao. Akashangaa: wachezaji hawa hawana chavua wala mbochi. Ni wachafu! Mmoja ana masizi, mwingine ana vumbi jekundu la matofali. Munich ilikuwa imebomolewa kwa mabomu ya vita. Akatambua: hawa hawajatoka mauani. Wametoka katika mabomba ya moshi na mashimo ya magofu. Hawa ni wapelelezi, wanatafuta nyumba, na kila mmoja anaitangaza aliyoiona.

Miaka mingi baadaye Mmarekani Thomas Seeley aliendeleza kazi hiyo. Alipeleka makundi ya nyuki kwenye kisiwa cha Appledore, pwani ya jimbo la Maine huko Marekani, mahali pasipo na miti mikubwa yenye mapango, ili nyuki wasiwe na pa kwenda ila masanduku aliyoyaweka yeye. Akajua wanachokitaka: uwazi wa kama lita 40, mlango mdogo, ulio juu kutoka ardhini. Mpelelezi aliyeona pazuri hucheza sana, aliyeona pa kawaida hucheza kidogo. Wengine huenda kujionea wenyewe kabla ya kuunga mkono. Hawafuati maneno, wanakwenda kuona! Na hata aliyeona pazuri, kila akirudi hupunguza ngoma yake, mpaka ananyamaza na kuwaachia wengine. Hakuna anayeng'ang'ania lake mpaka kufa. Tena wapo wanaomgonga kwa kichwa yule anayetangaza mahali pengine, kumwashiria aache. Wapelelezi wakishafika idadi ya kutosha mahali pamoja, wanarudi, wanawaamsha wenzao wapashe misuli moto, na kundi zima linaruka.

Malkia je, alisema nini katika yote hayo? Hakusema neno. Alikuwa katikati ya kundi, akisubiri kupelekwa.

Mnaona sasa kwa nini nasema nyuki mmoja hatengenezi asali? Nyuki mmoja hawezi hata kuchagua nyumba.

Nimalizie kwa wafugaji na warina asali, kwa sababu ninyi ndio mnaoishika roho ya kundi mkononi.

Anayerina kwa kuwasha moto kwenye pango la nyuki hupata asali ya siku moja. Hupoteza malkia, majana, na vibarua ambao wangejaza masega msimu ujao. Ulaya nako zamani walifanya hivyo: waliwaua nyuki kwa moshi wa salfa ili watoe asali, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1851 mchungaji wa kanisa wa Marekani, Lorenzo Langstroth, aliutambua upenyo wa kama milimita 6 hadi 9, ambao nyuki hauzibi kwa nta wala kwa gundi yake. Akatengeneza mzinga wenye fremu zilizoachana kwa upenyo huo. Fremu ikawa inatoka na kurudi bila kuvunja kitu. Ni upenyo tu, ndugu zangu, lakini uliokoa makundi yasiyohesabika.

Moshi wa bomba la kufukizia nyuki unatosha, tena mdogo na wa baridi. Unafunika harufu ya hatari wanayopeana, na unawafanya wajaze vifuko vyao asali wakidhani itabidi wahame, hivyo wanapungua ukali. Ukichomwa, usipige mabawa ya mikono. Mwiba wa kibarua una vijino, unabaki ngozini na kuendelea kusukuma sumu, naye anakufa. Ukwangue haraka, uondoke taratibu, maana mwiba ule unatoa harufu inayofanana na ya ndizi, na harufu hiyo inawaita wenzake. Na aliyewahi kuvimba koo au kukosa pumzi baada ya kuumwa, huyo asisogelee mzinga. Akiumwa tena, akimbizwe hospitali.

Kwa wakulima nina ombi moja. Aina tatu kati ya nne za mazao makuu ya chakula duniani hunufaika, kwa kiasi kikubwa au kidogo, na wanyama wanaochavusha, na nyuki wako mbele. Mimea ikiwa na maua, usipige dawa mchana. Kama huna budi, subiri jioni nyuki wakiwa wamerudi, na usome karatasi ya dawa kuhusu nyuki. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku kutumia katika mashamba ya wazi dawa tatu za kuua wadudu za jamii ya neonikotinoidi kwa ajili ya hao hao nyuki. Sumu anayorudi nayo mmoja haimdhuru yeye peke yake. Mmekwisha kuona jinsi mzigo unavyopita kinywa kwa kinywa.

Na mrinaji, unapofungua mzinga, chukua masega yaliyofunikwa nta, yale ya pembeni. Yenye majana usiyaguse. Acha asali ya kutosha kuwavusha mpaka maua yarudi, kwa kuangalia msimu unaokuja, usiangalie ndoo yako. Ukiona mzinga mwepesi, ufunge, uuache mwaka huu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningeomba waanze wale wenye mizinga.